Toba ya Mume, Subira ya Mke: Ndoa ya Cyprien na Daphrose Rugamba

Katika mausia yote wanayopewa maarusi, kanisani na majumbani, hapana linalorudiwa zaidi ya lile la subira. Na aghalabu huelekezwa kwa bibi arusi, kana kwamba mzigo wa ndoa umewekwa kichwani pake peke yake. Wasia huo ni mwema, lakini ni nusu ya wasia. Nusu iliyobaki, ambayo wazee wetu wengi huona haya kuitamka mbele ya bwana arusi, ni toba. Na mtu atakaye kuona jinsi subira na toba zinavyokutana katika nyumba moja ya Kikristo hana haja ya kusafiri mbali, maana katika nchi jirani ya Rwanda waliishi Cyprien Rugamba na mkewe Daphrose.

Cyprien, mshairi, mtunzi wa nyimbo na mwanahistoria, alizaliwa mnamo mwaka 1935. Ujanani aliingia seminari kwa nia ya upadri, kisha akaiacha, na imani yake ikapoa siku hata siku mpaka ikazimika. Msichana aliyempenda na kuazimia kumwoa aliuawa katika mauaji ya 1963. Na mwaka 1965 akamwoa jamaa wa marehemu yule, Daphrose Mukansanga, mwalimu na mcha Mungu. Ndoa iliyofungwa huku msiba ungali mbichi haikupata utulivu. Haukupita muda mrefu Daphrose akazuliwa jambo zito, naye mumewe, kwa kusadiki maneno ya watu, akamrudisha kwao kwa miezi kadhaa. Aliporejea alimkuta mume yule yule, aliyezidi kupata sifa kwa tungo na ngoma zake, na kuzidi kumpa mkewe kisogo. Na katika miaka hiyo Cyprien akapata mtoto nje ya ndoa.

Daphrose alisali, akalea watoto wake, na yule mtoto asiyemzaa akampokea. Tendo hili la mwisho lataka kutazamwa kwa makini, kwa sababu ni rahisi kulisifu na vigumu kulitenda: kumpa chakula, nguo na malazi mtoto ambaye kila umtazamapo unakumbuka uliyotendwa, na usimlipizie kosa ambalo si lake. Imani ya mama huyu haikuwa ya maneno. Walakini nisifahamike vibaya: sisemi kwamba mke apigwaye au adhalilishwaye yampasa kukaa kimya kwa jina la Bwana. Subira iliyo fadhila ni ile inayomngojea mtu arudi kwenye haki. Kuificha dhuluma ni jambo jingine kabisa, na kanisa halina ruhusa ya kulibariki.

Mwaka 1982 Cyprien alipatwa na maradhi mazito, yakamnyang'anya zile neema alizojivunia, kutunga na kuimba. Katika dhiki ile, mtu aliyeishi miaka mingi bila kumhitaji Mungu alimrudia. Na aliporudi kwa Mungu hakuishia hapo, bali alimwendea mkewe akamtaka radhi. Hapa ndipo penye kiini cha habari nzima. Wako watu wengi wanaoungama kwa padri, au kutoa ushuhuda mbele ya umati, wakapata faraja ya nafsi zao, ilhali aliyekosewa amekaa nyumbani hajaambiwa neno. Toba ya namna hiyo imeuruka mlango wake wa kwanza.

Tangu hapo nyumba ile ikageuka. Mume na mke wakawa wanasali pamoja, wakawakaribisha wengine kusali nao, na mwaka 1990 wakaanzisha Rwanda Jumuiya ya Emanueli. Watoto waliorandaranda katika mitaa ya Kigali wakapata kwao chakula na makao, na kituo cha kuwatunza hata leo kina majina ya wawili hao. Tarehe 7 Aprili 1994, katika siku ya kwanza ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, waliuawa nyumbani kwao pamoja na watoto wao sita. Mwaka 2015 Kanisa Katoliki lilifungua rasmi uchunguzi wa kuwatangaza wenye heri, wote wawili kwa pamoja, kama walivyoishi na kama walivyokufa.

Yatufae nini haya sisi tusio washairi wala mashahidi? Maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mikutano yao ya 1973 na 1976, walikata shauri kwamba kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo, na waumini wetu mpaka leo hukusanyika nyumba kwa nyumba, wengine Jumamosi alfajiri, mkekani, Injili ikasomwa na kila mtu akasema lililomgusa. Huko twapatanisha majirani waliogombania mpaka au deni; lakini mara ngapi mwenye nyumba, wageni wakiisha kuondoka, humgeukia mkewe na kumwambia, "Mama, juzi nilikukosea, niwie radhi"? Mtume Paulo aliwausia Waefeso wasiache hasira zao zivuke machweo, na wasia huo hauhitaji mimbari wala kwaya. Wahitaji watu wawili, faragha kidogo, na ulimi usiotafuta udhuru.

Kwa hiyo wasimamizi wa ndoa na wazazi wanaoandaa mausia kwa vijana wao ambao matangazo yao yanasomwa kanisani Jumapili hizi, na wamfundishe bibi arusi kusamehe, na wamfundishe bwana arusi, kwa sauti ile ile na mbele ya watu wale wale, kuomba msamaha. Kisha wabadilishane mafunzo hayo, kwa kuwa hapana ajuaye ni nani atakayetangulia kukosa.