Jino lililotoboka huzibwa hata pasipo umeme

Jino lililotoboka si lazima ling'olewe. Iwapo uozo haujafika kwenye kiini chenye mishipa ya fahamu, tabibu hulikwangua kwa vifaa vya mkono na kuliziba kwa saruji ya ionoma ya glasi, inayoshikamana na jino na kutoa floraidi.

Njia hiyo, isiyohitaji mashine wala umeme, ilianzia Tanzania Bara katikati ya miaka ya 1980. Kwa Pemba, iliyounganishwa na umeme wa gridi kutoka Tanga mwaka 2010 tu, manufaa yake ni dhahiri, hasa katika vijiji vilivyo mbali na hospitali za Chake Chake, Wete na Mkoani.

Uozo ukishafika kwenye kiini, hubaki kutibu mzizi au kung'oa. Pengo huwekewa jino bandia la kuvaa na kuvua, au daraja, ambalo kwa kawaida hulazimu kuchongwa meno mawili ya jirani, hata yakiwa mazima.