Kiini cha simu za intaneti kukosa sauti afisini

SIMU ya afisi inaita, mteja anajibu, lakini aliyempigia hasikii neno. Wengi hulaumu kasi ya intaneti, ilhali mara nyingi kasoro huwa katika anwani za mtandao.

Kabla ya mazungumzo kuanza, mtambo wa simu wa afisi hutuma ujumbe wa kuomba mawasiliano, ambao hutaja anwani ambako sauti ya mteja itumwe. Mtambo usipoelekezwa ipasavyo, hutaja anwani yake ya ndani, mathani 192.168.1.20. Anwani za aina hiyo hutumiwa ndani ya maelfu ya afisi na hazitambuliki nje. Hivyo, sauti ya mteja hupotea njiani.

Tiba yake ni hatua tatu. Kwanza, mtambo upewe anwani ya ndani isiyobadilika, ili simu zote ziupate hata baada ya umeme kupotea na kurudi. Pili, uelezwe anwani ya nje ambayo afisi imepewa na kampuni ya intaneti, pamoja na anwani zipi ni za ndani. Tatu, ruta ielekezwe kuufikishia mtambo huo sauti inayotoka nje.

Hata hivyo, njia hiyo ifunguliwe kwa kampuni inayotoa huduma ya simu pekee. Mtambo ulioachwa wazi kwa kila mtu huvamiwa na walaghai, wakapiga simu za ng'ambo usiku kucha, na gharama ikamwangukia mwenye afisi.