Mabinti watatu wa Denmark: undugu uliojaribiwa na siasa

Mwezi Septemba mwaka 2006, meli ya kivita ya Denmark iliondoka Copenhagen kuelekea St. Petersburg, Urusi, ikiwa imebeba jeneza la mwanamke aliyefariki dunia mwaka 1928. Alikuwa Dagmar, aliyezaliwa Copenhagen, akawa mke wa Tsar Alexander wa Tatu wa Urusi. Alitaka azikwe kando ya mumewe, na matakwa hayo yalitimizwa baada ya karibu miaka 80.

Je, ilikuwaje mke wa Tsar akafia ugenini katika nchi aliyozaliwa?

Baba yake alitawazwa kuwa Mfalme Christian wa Tisa mwaka 1863. Kabla ya hapo familia yake haikuwa na mali nyingi, na mabinti zake walijishonea nguo wenyewe. Alexandra, aliyekuwa mkubwa, aliolewa mwaka huo huo na mrithi wa kiti cha enzi cha Uingereza. Dagmar aliposwa na mrithi wa kiti cha Urusi, lakini mchumba wake akafariki mwaka 1865. Mwaka uliofuata aliolewa na mdogo wa marehemu. Thyra, aliyekuwa mdogo kwa dada zake, aliolewa mwaka 1878 na mwana wa mfalme wa Hanover, ufalme uliokuwa umekwisha kumezwa na Prussia.

Ndoa hizo zilimpatia Christian jina la baba mkwe wa Ulaya. Hata hivyo, hazikuilinda nchi yake. Mwaka 1864, Prussia na Austria ziliishinda Denmark vitani na kuinyang'anya majimbo ya Schleswig na Holstein. Alexandra, aliyekuwa tayari London, hakuisamehe Prussia maisha yake yote.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja baadaye. Mfalme George wa Tano wa Uingereza alikuwa mwana wa Alexandra, naye Tsar Nicholas wa Pili alikuwa mwana wa Dagmar. Wana hao wa mama wakubwa na wadogo walifanana mno, hata watu wakawachanganya. Nicholas alipopinduliwa mwaka 1917, serikali ya Uingereza ilikubali kwanza kumpa hifadhi. Lakini George alihofia ghadhabu ya wananchi wake, na mwaliko huo ukaondolewa. Mwezi Julai mwaka 1918, Nicholas, mkewe na watoto wao watano waliuawa mjini Yekaterinburg.

Wahenga walisema undugu si kufanana, bali ni kufaana.

Dagmar wakati huo alikuwa katika rasi ya Crimea, naye alikataa kuamini kwamba mwanawe ameuawa. Alexandra hakumsahau mdogo wake. Mwezi Aprili mwaka 1919, George aliipeleka manowari ya HMS Marlborough kumchukua mama yake mdogo, na bibi huyo hakukubali kuondoka mpaka wakimbizi wengine nao waokolewe.

Alirejea Denmark na kuishi Hvidøre, karibu na Copenhagen, katika nyumba ambayo yeye na Alexandra waliinunua pamoja baada ya kifo cha baba yao mwaka 1906. Alexandra alifariki mwaka 1925, Dagmar akamfuata miaka mitatu baadaye, na Thyra mwaka 1933.

Ndoa zao zilipangwa ili kuunganisha mataifa, lakini mataifa hayakuunganika. Kilichodumu ni mapenzi ya wasichana waliokua wakishona pamoja.