Banda la Chuma la Kuhifadhia Baiskeli na Pikipiki: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kulipa

Kwa wakazi wa Shighatini, na kwa wengi wanaoishi katika milima ya Upare, chombo cha magurudumu mawili si anasa. Baiskeli humfikisha mtu shuleni, sokoni na shambani pale mteremko unaporuhusu. Pikipiki hupandisha mfuko wa saruji kutoka mjini Mwanga na kushusha mikungu ya ndizi. Mara nyingi pikipiki hiyo imenunuliwa kwa mkopo ambao marejesho yake hayangoji. Ikiibwa usiku mmoja, kipato huondoka na deni hubaki.

Familia ambayo nyumba yake haina nafasi ya kulaza chombo ndani huweza kufikiria kujengewa banda dogo la chuma uani. Wazo hilo ni jema. Hata hivyo, huu ni ununuzi ambao mlaji anaweza kupoteza fedha zake kwa urahisi, kwa kuwa kasoro za banda hufichwa na rangi na hujulikana baada ya wizi kutokea. Katika sura hii tunaeleza namna ya kuchagua banda, namna ya kukagua chuma kabla ya kuchomelewa, na namna ya kuandikiana na fundi ili kila upande ujue wajibu wake.

Banda hununua muda

Hakuna banda lisilovunjika. Kazi yake ni kumchelewesha mwizi na kumlazimisha apige kelele mpaka wenye nyumba waamke. Nchini Uingereza, ambako mabanda ya chuma ya baiskeli huuzwa yakiwa tayari, kipo kipimo kiitwacho LPS 1175 kinachotaja aina ya vifaa ambavyo mvunjaji anavyo na dakika ambazo kizuizi kinaweza kumzuia. Banda linalotengenezwa na fundi wa mtaani halina cheti cha namna hiyo, lakini swali lake ni lilelile: mtu mwenye spana, mtaimbo na mkasi wa bati atatumia muda gani, na atapiga kelele kiasi gani?

Jibu hutolewa na sehemu iliyo dhaifu kuliko zote. Ukuta mzito hauna faida ikiwa mlango unafunguka kwa spana. Kwa sababu hiyo tunakushauri ugawe bajeti yako kwa uangalifu, ukianza na mlango, kisha msingi, na mwisho ukuta.

Pima chombo kwanza

Baiskeli ya mtu mzima ina urefu wa takriban mita 1.8, na usukani wake una upana wa sentimita 60 hivi. Pikipiki ya kawaida ya abiria hufikia urefu wa mita 2 na upana wa sentimita 80 kwenye usukani. Banda la futi 8 kwa futi 4 hutosha baiskeli mbili zikielekezwa pande tofauti. Kwa pikipiki na baiskeli, agiza futi 8 kwa futi 6 ili uweze kuingia na kutoka bila kukwaruza chombo. Mlango uwe na upana usiopungua sentimita 100.

Fikiria pia usafiri. Banda linalotengenezwa Mwanga au Moshi na kupandishwa mlimani likiwa zima litahitaji gari kubwa. Ni nafuu likitengenezwa kwa vipande na kuunganishwa kwako kwa bolti. Sharti lisilovunjwa ni kwamba nati zote zikae upande wa ndani, na vichwa vya bolti vinavyoonekana nje viwe vya duara visivyoshikika kwa spana, au vichomelewe baada ya kukazwa.

Unene wa chuma: tumia mizani

Bati la kuezekea hupimwa kwa geji, na hapa wanunuzi wengi hukosea. Kadiri namba ya geji inavyokuwa kubwa, ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Geji 32 ni jembamba kuliko geji 28. Bati la aina hiyo hufaa kwa paa lililowekewa nondo chini yake, lakini likiwa ukuta hukatwa kwa mkasi wa bati bila kelele kubwa. Kwa kuta na mlango, agiza shiti ya chuma yenye unene wa milimita 1.2 au zaidi, ikiegemezwa na kiunzi cha mabomba ya mraba.

Tofauti ya milimita 1 na milimita 1.5 haionekani kwa macho, na rangi ikishapakwa haiwezi kutambuliwa. Uzito, hata hivyo, haufichiki. Shiti ya futi 8 kwa futi 4 yenye unene wa milimita 1 huwa na kilo 23 hivi. Ya milimita 1.2 huwa na kilo 28; ya milimita 1.5 huwa na kilo 35. Bomba la mraba la milimita 40 kwa 40, lenye urefu wa mita 6, huwa na kilo 11 hivi ikiwa unene wake ni milimita 1.5. Likiwa la milimita 1.2, uzito hushuka hadi chini kidogo ya kilo 9. Omba shiti na mabomba yako yawekwe kwenye mizani dukani kabla ya kulipa, na hakikisha mizani hiyo imehakikiwa na Wakala wa Vipimo. Uzito ukipungua sana, umeuziwa unene usioagiza. Kwa mabati na saruji, tafuta pia alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania.

Watu wa milima hii hawakuanza jana kukijua chuma. Wahunzi wa ukoo wa Washana wa Ugweno walisifika kwa kazi yao tangu zamani, na zana zao zilifika hadi Uchagani. Mnunuzi anayepima chuma kabla ya kulipa hamdharau fundi, anaiheshimu kazi.

Mlango, bawaba na kufuli

Tuchukue mfano wa familia iliyojengewa banda la shiti nzito ya milimita 2. Mlango ulifunguka kwa nje, na bawaba zake zilifungwa kwa bolti za milimita 8 ambazo nati zake zilikuwa nje. Mwizi hakukata chochote. Alikuja na spana namba 13, akafungua bawaba, akauinua mlango na kuuegemeza ukutani huku kufuli likiwa bado limefungwa. Shilingi zilizotumika kununua shiti nene hazikumlinda mwenye mali hata kidogo.

Bawaba zichomelewe kwenye kiunzi na kwenye mlango, zisifungwe kwa bolti. Ikiwa pini ya bawaba inaonekana mlango ukiwa umefungwa, ncha zake zichomelewe ili isitolewe kwa nyundo. Mwambie fundi aongeze vipande viwili vya nondo upande wa bawaba, vinavyoingia kwenye matundu ya kiunzi mlango unapofungwa. Vipande hivyo huushikilia mlango hata bawaba zikikatwa.

Weka makomeo mawili, moja juu na moja chini, ili mtaimbo usipate nafasi ya kukunja kona ya mlango. Kufuli liwe na kitanzi chenye unene wa milimita 10 au zaidi, na lifunikwe kwa kisanduku cha chuma kilichochomelewa mlangoni, chenye uwazi wa chini pekee wa kupitisha mkono na ufunguo. Kisanduku hicho huzuia mkasi mkubwa usikifikie kitanzi. Gharama yake ni ndogo, kwa kuwa huweza kutengenezwa kwa vipande vya shiti vilivyobaki.

Msingi na mahali pa kuliweka

Banda jepesi lisilofungwa ardhini huweza kuinuliwa na watu wanne. Mwaga sakafu ya zege yenye unene wa sentimita 10 kwa uwiano wa saruji 1, mchanga 2 na kokoto 4. Katika kila kona, chimba shimo la sentimita 30 na uzamishe nondo zilizochomelewa kwenye kiunzi. Katikati ya sakafu zamisha pete ya nondo ya milimita 16 iliyokunjwa, miguu yake ikiwa imetanuliwa ndani ya zege. Chombo kifungwe kwa mnyororo kwenye pete hiyo. Kwa njia hii, hata mlango ukivunjwa, mwizi atakuta kazi ya pili mbele yake.

Kwa kuwa viwanja vingi vya Shighatini viko kwenye mteremko, chimba mfereji upande wa juu wa banda ili maji ya masika na ya vuli yasipite chini ya sakafu na kuuchimba msingi. Mlango uelekee dirisha la chumba anacholala mtu mzima. Usilifiche banda nyuma ya migomba, kwa sababu kichaka kinachoficha mali yako humficha pia anayeivunja.

Unyevu, kutu na petroli

Ukungu wa mlimani hutuama ndani ya banda lisilopitisha hewa, na matone hudondoka kutoka darini hata siku isiyo na mvua. Acha matundu chini ya paa na mengine karibu na sakafu, yote yakizibwa kwa nondo na wavu. Matundu ya chini yana kazi ya pili: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutuama chini. Usiweke dumu la petroli ndani ya banda, na usiingie na koroboi au mshumaa.

Kutu huanzia mahali palipochomelewa. Moto wa kuchomelea huunguza madini ya zinki yaliyolikinga bati na kuacha chuma kitupu. Mtake fundi asugue kila kiungo, apake rangi ya kuzuia kutu mara mbili, kisha ndipo apake rangi ya mapambo. Ukague kazi hiyo kabla ya rangi ya mwisho. Wakati huo ndipo utaona pia kama viungo vimechomelewa kikamilifu au vimeshikizwa kwa nukta chache tu.

Makubaliano na fundi

Andikianeni kabla ya kutoa fedha. Karatasi moja iliyosainiwa na pande mbili mbele ya shahidi inatosha. Itaje vipimo vya banda, unene wa shiti na mabomba, aina ya bawaba na makomeo, idadi ya rangi, tarehe ya kukamilisha, na kama bei inajumuisha usafiri na kusimika. Andika pia neno hili: banda ni la kuhifadhia pikipiki na baiskeli dhidi ya wizi na mvua. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inatambua kwamba mnunuzi anapomweleza muuzaji wa bidhaa za aina hiyo matumizi anayoyakusudia, akitegemea ujuzi wake, bidhaa inapaswa kufaa kwa matumizi hayo. Usipoyataja, unajinyima hoja.

Usilipe fedha zote mwanzoni. Ukiweza, nunua chuma mwenyewe na umlipe fundi ufundi wake. Risiti ya vifaa itabaki kwa jina lako, na vipande vinavyosalia vitakuwa mali yako. Usipoweza, toa sehemu kwa ajili ya vifaa, sehemu nyingine baada ya kukagua kiunzi kisichopakwa rangi, na ubakize sehemu ya mwisho mpaka banda lisimikwe na mlango ufungike sawasawa. Dai risiti kwa kila malipo.

Kabla ya kukubali kazi, jiulize

1. Je, ipo bolti au nati yoyote inayoweza kufunguliwa kutoka nje?
2. Je, mlango unabaki mahali pake ukisukumwa kwa nguvu kwenye kona ya juu na ya chini?
3. Je, kufuli limefunikwa?
4. Je, banda linatikisika likisukumwa na watu wawili?
5. Je, chombo kinafungwa kwenye pete ya sakafuni?
6. Je, ninayo makubaliano yaliyoandikwa na risiti zote?

Jibu lisiloridhisha katika swali lolote kati ya matano ya kwanza ni sababu halali ya kuzuia malipo ya mwisho mpaka kasoro irekebishwe.

Ukipata tatizo

Anza kwa kumweleza fundi au muuzaji kasoro hiyo kwa maandishi, ukimpa muda mahususi wa kuirekebisha. Asipotekeleza, afisa mtendaji wa kata anaweza kuwasuluhisha, na madai ya fedha huweza kufikishwa Mahakama ya Mwanzo. Ikiwa ulidanganywa kuhusu ubora au unene wa bidhaa, unaweza kuwasilisha malalamiko kwa Tume ya Ushindani, iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003. Upungufu wa uzito au kipimo ni suala la Wakala wa Vipimo.

Mwisho, nakili namba ya fremu ya baiskeli na namba ya chasisi ya pikipiki, uipige picha kadi ya usajili, na uvihifadhi mbali na banda. Wizi ukitokea, toa taarifa kituo cha polisi na kwa mwenyekiti wa kitongoji asubuhi hiyohiyo. Polisi wakikamata chombo kilichobadilishwa rangi, namba uliyoinakili ndiyo itakayothibitisha kwamba ni chako.