Mkazo na Mkatiko wa Utando Uendao

Katika Kiswahili, kuwamba ni kuvuta ngozi au nguo pande zote hata ikaze. Kwa Wabarabaig wa Hanang, ambao wanawake wao ni mafundi wa mavazi ya ngozi, na kwa majirani zao Wairaqw wa Mbulu, kazi hii si ngeni. Ngozi mbichi ikiwambwa kwa vigingi, husinyaa ikaukapo. Vigingi havisogei, basi mkazo huzidi wenyewe. Kisu cha mchunaji kikiwa kimeacha chale pembeni, hapo ndipo ichanikapo, wala si palipo pazima.

Mvuto hauwezi kuvuka pengo la chale. Hulizunguka, ukasongamana kwenye ncha yake. Mwingereza A. A. Griffith, aliyefanya majaribio ya kioo, alieleza mwaka 1921 kwamba ufa huendelea pale nishati iliyolimbikwa katika kitu inapotosha kufanya nyuso mpya. Ufa ulio mrefu mara nne huhitaji nusu tu ya mvuto.

Ngozi iliyowambwa imetulia mahali pake. Utando uendao una shida nyingine, kama ionekanavyo mbali na Mbulu, katika kiwanda cha karatasi cha Mgololo, Mufindi, kilichojengwa katika miaka ya 1980 kwa kutegemea misindano ya Sao Hill. Katika mtambo wa karatasi hakuna vigingi: rola ya mbele huzungushwa kwa mwendo mkubwa kidogo kuliko ya nyuma. Ya nyuma ikitoa mita 100 kwa dakika, na ya mbele ikipokea 102, karatasi yanyooshwa asilimia 2. Nayo itokapo kukamuliwa ingali na maji mengi, dhaifu kabisa. Mchaniko mdogo wa pembeni waweza kuikata, na kazi husimama hata ipitishwe tena.

Kulegeza si dawa. Utando uliolegea hupepea na kufanya makunyanzi. Katika karatasi ya gramu 50 kwa mita ya mraba, ivutwayo kwa nyutoni 50 kwa kila mita ya upana, wimbi dogo husafiri kiasi cha mita 32 kwa sekunde, na hewa inayoizunguka hulipunguza mwendo. Karatasi ikikaribia mwendo wa wimbi lake, haitulii tena. Kwa hiyo atakaye mwendo mara mbili hana budi kukaza mara nne, hali chale ya pembeni ina kikomo kile kile. Ndiyo sababu kingo hukatwa kwa mchirizi mwembamba wa maji karatasi ingali juu ya wavu, kabla haijavutwa.