Nauli ya Desemba kwenda Tarakea

Ikifika katikati ya Desemba, mabasi hupanda kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi yakiwa yamejaa pomoni. Wachagga wanakwenda kula Krismasi nyumbani, na mwenye kwao Rombo bado ana kipande kingine cha njia: Himo, Marangu, Mkuu, hadi Tarakea mpakani. Basi lilelile hushuka na viti vitupu. Januari mambo hugeuka. Hapo ndipo mchumi wa udhibiti wa usafiri hupimwa.

LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini iliyorithi kazi za ardhini za SUMATRA mwaka 2019, hukokotoa nauli kwa gharama: mafuta, matairi, vipuri, mishahara, bei ya basi lenyewe. Jumla hugawanywa kwa abiria na kwa kilomita. Desemba 2023 kikomo cha nauli ya basi la masafa marefu, daraja la kawaida, kilipanda kutoka shilingi 41.29 hadi 48.47 kwa kilomita, yaani shilingi 4,847 kwa kilomita 100. Hesabu hiyo ni ya wastani. Siku za sikukuu, nauli ya anayepanda ndiyo inayobidi kulipia hata mafuta ya kushukia, kwa hiyo mwenye basi anayelalamika ana hoja, ingawa kuvunja kikomo ni kosa.

Hoja hiyo ingemvutia Alfred Kahn, profesa wa Chuo Kikuu cha Cornell, ambaye mwaka 1977 alikabidhiwa bodi iliyopanga nauli za ndege Marekani. Mwaka uliofuata sheria mpya ikaanza kuondoa udhibiti huo. Kahn alifundisha kwamba abiria wa siku za msongamano hugharimu zaidi, na bei iseme hivyo ili anayeweza kusubiri asubiri.

Lakini Krismasi haisubiri. Mama mwenye watoto watatu hawezi kuihamishia Februari; nauli ikipaa, atalipa kwa ada ya shule au atabaki Dar. Ndiyo maana naunga mkono njia ya LATRA: kikomo kibaki, mabasi yaongezwe kwa vibali vya muda. Njia hiyo nayo ina gharama yake. Basi lililoazimwa huacha pengo kwenye njia yake, na dereva mgeni hazijui kona za Rombo.

Kuna jambo lingine ambalo kikomo hakiligusi. Mtafiti Matteo Rizzo, aliyewachunguza madereva wa daladala Dar es Salaam, alionyesha uzito wa "hesabu", fedha ambayo dereva humpelekea tajiri, yaani mwenye gari, kila siku, abiria wawepo wasiwepo. Serikali hupanga nauli. Hesabu huipanga tajiri. Penye mtindo huo, pengo kati ya hizo mbili hujazwa kwa mwendo kasi na kwa kubananisha watu.

Kijana wa Rombo anayeitamani kazi ya mchumi wa udhibiti angeanzia stendi ya Tarakea, tarehe 24 Desemba, akihesabu viti vitupu vinavyoshuka. Tiketi za kielektroniki zinaweza kumpa idadi hiyo kwa kila basi, kwenda na kurudi, na kwa idadi hiyo kikomo cha sikukuu kingeweza kukokotolewa peke yake.