Bajeti ya Mji wa Babati na fungu la mikopo isiyo na riba

Ndugu zetu wa visiwani wenye jamaa Maisaka, mjini Babati, wafikishieni habari hii. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Kabla ya hapo, rasimu ya bajeti ya Halmashauri ya Mji hujadiliwa na Baraza la Madiwani. Humo mna fungu la mikopo ya vikundi, asilimia 10 ya mapato ya ndani: wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2. Kwa mujibu wa sheria mikopo hii haina riba, na kwetu Waislamu hilo si jambo dogo. Lakini ushuru wa soko ukivuja, fungu nalo hupungua. Basi diwani aulizwe mapema: mwaka uliopita zilitengwa ngapi, na zilizotoka ni ngapi?